Anayeendesha Gari Haumwi

Siku ya tathmini daktari aliniuliza maswali mengi, lakini lililonifunga ni moja. "Umekujaje hapa?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake kuwa nimekuja na gari. "Nani ameendesha?" "Mimi mwenyewe, daktari." Akaandika kitu, akanishukuru, nami nikatoka nimefurahi. Nilimwambia mke wangu kuwa yule bwana ni mwelewa sana.

Haya naandika kwa ajili yako wewe uliyekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali, karatasi zako kwenye mfuko wa plastiki, unasubiri kuitwa jina ambalo watalitamka vibaya. Ugonjwa wenyewe unatoka wapi sitakueleza, maana walionieleza mimi walijitahidi sana na sikutoka na kitu. Ninachokijua ni jinsi mtu anavyoweza kunaswa katikati ya mambo mawili, yote ya kweli: kwamba naumwa, na kwamba naendesha gari.

Naitwa Bakari. Kwetu ni Tanga, lakini nimeishi Johannesburg zaidi ya nusu ya umri wangu, na karatasi za ukaaji wa kudumu ninazo. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na chumba changu Jules Street, upande wa Malvern, nikishona suti, kanzu, na yale magauni ya harusi ya Wakongo ambayo mkono mmoja tu unakula kitambaa cha sketi nzima. Mke wangu Mwanaidi anakaanga sambusa na vitumbua, anawauzia wenye maduka barabara ile ile. Binti yetu Rahma amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza na Kizulu, utadhani sisi ndio tumekuja kumtembelea.

Ugonjwa ulianza wakati wa baridi, Juni. Asubuhi moja mkasi ulikataa kufunguka. Nikadhani umeshika kutu, nikautia mafuta, nikaupangusa, nikautia mafuta tena. Mteja alikuwa amesimama ananitazama. Akauchukua yeye mkononi, ukafunguka bila tabu yoyote, akanirudishia kimya. Ndipo nilipoelewa kuwa kibovu si mkasi.

Kufikia mwezi wa nane vidole vilikuwa vimevimba, na pete ya ndoa ikabidi ikatwe kliniki kwa kijisumeno kidogo, nesi akinipigia soga kuhusu mpira ili nisitazame. Wakasema ni baridi yabisi, ile ya mwili kujishambulia wenyewe. Nilikasirika. Baridi yabisi kwetu ni ugonjwa wa kina bibi, wanajipaka mafuta ya karafuu na kulalamika, na mimi sikuwa nimetimiza hata miaka hamsini. Wakaniandikia vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, vingine vya kila siku, na kliniki kila mwezi, siku ya Jumatano.

Kliniki ile ina foleni ya kusogea. Kila anayeitwa akiingia, watu wote wa benchi wanainuka na kukaa kiti kinachofuata. Sijui nani alibuni mtindo huo kwa wagonjwa wa viungo. Unainuka kwa uchungu, unakaa kwa uchungu, hujapumua unaambiwa sogea. Bibi mmoja wa Kizulu, tuliyekuwa tunamwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yake, alichoka. Akamwambia nesi kuwa kuanzia leo watu watakaa walipo, kila mtu amkumbuke tu aliye mbele yake. Nesi akakubali. Tangu siku hiyo Jumatano zangu zikawa na nafuu, na nikifika nilimkuta Gogo amenitandikia kona ya blanketi lake kwenye bati la benchi.

Majira ya joto yalipoingia, vile vidonge vya kila siku vilinijaza uso. Mashavu yakawa ya mtoto mchanga. Kila Ijumaa msikitini watu walinishika bega. "Mashallah, Bakari, umenawiri. Johannesburg imekukubali." Niliitikia alhamdulillahi. Hakuna hata mmoja aliyejua kuwa vifungo vya kanzu ile nilikuwa nimefungwa. Mimi niliyewatilia vifungo mabwana harusi wa Malvern nzima, nilisimama chumbani kila asubuhi kidevu juu, mke wangu akinifunga kimoja kimoja mpaka shingoni.

Tunakaa ghorofa ya pili. Asubuhi mwili wangu ni wa mbao. Mwanaidi alichemsha maji, akanitia mikono kwenye beseni mpaka vidole vilegee, akaniogesha, akanivalisha, akanishikia kikombe. Mambo mengine ya bafuni sitayataja. Rahma wakati huo alijifungia chumbani kwake, vipokea sauti masikioni, muziki umefunguliwa mpaka sisi tunausikia. Hatukuwahi kukubaliana lolote kwa maneno. Mlango ulifungwa, muziki ukapanda, na tukitoka nimeshavaa, sote watatu tulijifanya nimejiandaa mwenyewe.

Kwetu hiyo ndiyo sitara. Mke anamsitiri mume, mtoto anamsitiri baba. Aibu ya nyumba haivuki kizingiti. Mimi niliona ni rehema, na bado naona hivyo, lakini ngoja nikueleze ilivyotugharimu.

Gari alitupa shemeji yangu Hamisi, kaka yake Mwanaidi, ambaye ana meza ya vitenge na vinyago sokoni Newtown. Lilikuwa gari lake kuukuu la otomatiki, linaloanza kunung'unika likiona kilima. Alitupa kwa sababu mimi teksi za abiria, hivi vibasi vya huku, sikuziweza tena. Kupanda kwake kunataka uvute mwili kwa mkono, na mkono haukuwepo. Hata kufika kituoni kulinishinda. Gari lilinirudishia kliniki, msikiti na mazishi ya watu wetu. Nikiwa nimekaa, miguu yangu inafanya kazi, na kwa viganja naweza kuzungusha usukani. Mwanaidi aliuvisha usukani kipande cha blanketi nene, akakishona kwa mkono, ili nisihitaji kukunja vidole.

Sasa tazama tulivyoendesha. Hatukutoka kabla ya saa nne asubuhi, dawa ziwe zimeshika. Mwanaidi alinifungulia mlango, akanifunga mkanda, akazunguka upande wa pili, akaingiza ufunguo na kuuzungusha. Breki ya mkono aliishusha yeye. Gia aliisukuma yeye nikimwambia. Mimi nilikanyaga na kuelekeza. Tukifika kwenye roboti, hizi taa za barabarani za huku, aliweka mkono wake tayari bila kuambiwa. Watu wa njiani waliona mwanamume mwenye mashavu mazuri akiendesha gari na mke wake pembeni.

Sista wa kliniki ndiye aliyeniambia niombe ruzuku ya ulemavu, pesa ambayo serikali ya huku humlipa kila mwezi asiyeweza kufanya kazi. Nilikwenda kwenye ile tathmini nimevaa suti yangu ya kijivu niliyojishonea zamani, imepigwa pasi, ufunguo wa gari ukining'inia shingoni kwa kamba kwa sababu mfukoni nisingeweza kuutoa. Mtu wa kwetu haendi ofisini amevaa ovyo. Mama mmoja kwenye foleni alinitazama juu mpaka chini, akaniambia, "Eish, baba, wewe kwa foleni hii umependeza mno." Nikamshukuru. Nilidhani amenisifu.

Jibu lilikuja Machi. Mwombaji anaweza kuendesha gari, kwa hiyo anaweza kufanya kazi nyepesi. Basi. Nililisoma, nikampa Rahma alisome, nikalichukua tena. Kazi nyepesi gani? Labda walitaka niwe dereva wa kuanzia saa nne asubuhi, ambaye kila abiria akipanda inabidi asogee ampishe mke wa dereva.

Wiki hiyo Hamisi alikuja nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa anatubeba kwenye kodi ya nyumba, na kusema kweli hakuwahi kutusimanga. Alikunywa chai mpaka ikaisha ndipo akasema.

"Shemeji, mimi si mtu wa kukufukuza, unanijua. Lakini mzigo huu siuwezi mwaka mwingine. Kama hawa watu wakikataa moja kwa moja, urudi Tanga. Dada yako Mwanakombo yupo, nyumba ipo, joto lipo. Viungo havipendi baridi."

"Na Mwanaidi?"

"Mwanaidi ana biashara yake hapa, na Rahma ana shule. Wao watabaki. Desemba ndiyo mwisho, shemeji. Nisamehe."

Hakuna neno lake hata moja lililokuwa baya. Ndiyo maana sikupata pa kushikia hasira. Nilimwona Mwanaidi akikusanya vikombe, na nikajua kuwa alikwishaambiwa kabla yangu. Usiku huo nililala nikimfikiria dada yangu mjane wa miaka sitini akinivua nguo. Nilifikiri Rahma atamaliza shule nikiwa sauti kwenye simu. Niliogopa kuliko nilivyouogopa ugonjwa.

Basi nikaomba uamuzi uangaliwe upya. Hamisi akanishauri safari hii nisionekane na gari. Tukaliacha nyuma ya kituo cha mafuta, nikatembea kwa miguu mpaka ofisini nikimwegemea Mwanaidi, jasho linanitoka na kulikuwa na baridi. Nilifika taabani. Mlinzi wa getini, kijana mzuri tu, akaniambia, "Baba, leo mbona hukuingia na gari? Nilikuwekea nafasi kivulini." Alisema kwa sauti, na afisa alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Sijawahi kuchukia wema wa mtu namna ile.

Ndani, afisa akamgeukia Mwanaidi. Wewe ndiye unayekaa naye, hali yake ikoje nyumbani? Mke wangu akajiweka sawa kitini, akavuta mtandio wake, akasema kwa Kiingereza chake cha kuuzia sambusa, "Hajambo, alhamdulillahi. Anajitahidi mwenyewe. Kuna siku za maumivu, lakini anajitahidi." Nilikuwa nimekaa pale nikisikia mlango unafungwa. Wakakataa mara ya pili, na safari hii waliongeza kuwa mke wa mwombaji anathibitisha hali inaendelea vizuri.

Tuligombana siku ile kuliko siku zote za ndoa yetu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nikuseme? Mbele ya watu nisiowajua? Mimi ni mkeo au ni askari?"

"Ukweli si kunisema, Mwanaidi."

"Mimi nikitoka nje nikamwambia mtu kuwa namwogesha mume wangu, nimekuvua nguo barabarani. Mama yangu angeniuliza nimekosa nini kwako mpaka nikuvue." Alikuwa analia. "Wewe mwenyewe ulimwambia daktari nini? Si ulisema unaendesha? Uliniona mimi pale kwenye ufunguo? Hukuniona."

Tulikaa bila kusemeshana, na hapo ndipo utakapojua mtego ulivyo mbaya, kwa sababu hata ukimnunia mkeo, asubuhi ni yeye atakayekufunga suruali. Alinifunga bila kunitazama. Nami nilitazama ukuta.

Ikabaki rufaa. Majira yale ya baridi ya pili yalikuwa marefu. Anga la Johannesburg Julai ni la buluu tupu, jua linawaka na halikupi chochote. Nilikaa dirishani nikitazama watu wa Jules Street wakienda kazini, kila mmoja na mikono yake. Nikiacha kuendesha, nimefungwa ghorofa ya pili, sina kliniki wala msikiti. Nikiendelea, mimi mzima. Nikiwaambia naendesha kwa msaada, nimekiri kuwa sifai kuwa barabarani. Niligeuza jambo hili kila upande kama kitambaa kisichotosha, na kila nilivyolikata upande mmoja ulibaki wazi. Jumatano moja nikamweleza Gogo. Akasikiliza yote, akaniuliza kitu kimoja tu, kama mke wangu bado anapika. Nikamwambia anapika. Akasema basi nyumba haijavunjika. Nilirudi nyumbani nikamsifu Mwanaidi mchuzi, na tukaanza kusemeshana.

Tuliitwa Novemba, msimu wa mvua za mchana. Baraza la rufaa lilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu mjini: mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo mwenye miwani; daktari; na bwana mmoja aliyekuwa akisikiliza tu. Mkalimani waliyemwandaa kwa ajili ya Mwanaidi alipiga simu kuwa anaumwa. Mwenyekiti akasema tunaweza kuahirisha mpaka mwaka mpya. Mwaka mpya mimi nitakuwa Tanga. Nikamtazama Rahma, aliyekuwa amekuja kunishika mkono kwenye ngazi. Akasema yeye atatafsiri. Alikuwa na miaka kumi na minane, bado na sare ya shule.

Waliniuliza mimi kwanza, nikajieleza kwa Kiingereza changu, na nilijisikia nikiteleza kule kule. Ndiyo, naendesha. Si mara nyingi. Polepole. Daktari alikuwa anaandika. Kisha mwenyekiti akamgeukia Mwanaidi. Hakumuuliza hali yangu. Alimwambia, "Mama, nisimulie tu mlivyokuja leo. Tangu ulipoamka."

Hapo Mwanaidi hakuona hatari. Safari si siri. Akasimulia vizuri, kwa sauti yake ya kawaida. "Niliamka alfajiri, nikaswali, nikachemsha maji, nikamtayarisha baba Rahma, tukanywa chai, tukashuka, tukaja."

Rahma akatafsiri. Mwenyekiti akauliza, "Kumtayarisha, ndiyo kufanya nini?"

Mwanaidi alinyamaza. Alinitazama, kisha akamtazama binti yetu, na niliona mkono wake unatafuta ncha ya mtandio. Nje radi ilikuwa inapiga mbali. Rahma hakutafsiri ukimya ule. Aliinama kwa mama yake akamwambia kwa Kiswahili, kile chake cha kuchechemea, "Mama, sema tu. Mimi nasikia yote. Muziki ni ya bure tu. Ile nyumba ni ndogo, Mama."

Mke wangu akaanza kusema akiitazama meza. "Namtia mikono kwenye maji ya moto mpaka vidole vilegee. Namwogesha. Namwogesha mwili wote. Namvalisha. Shati namfunga mimi, suruali namfunga mimi, viatu mimi. Kikombe namshikia. Chooni tunakwenda wote." Kila sentensi Rahma aliipokea na kuiweka kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti wala kuishusha, na hakunitazama hata mara moja. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuijua. Nilitaka kumwambia mtoto wangu anyamaze. Nilitaka pia asiache.

Daktari akauliza, "Na gari?"

Hapo Mwanaidi akainua kichwa. "Gari anaendesha yeye."

"Nani anawasha?"

"Mimi."

"Mkanda?"

"Mimi. Na breki ya mkono, na ile gia. Usukani wake."

"Siku ambayo wewe hupo?"

"Haendi."

Daktari aliweka kalamu chini. Mwenyekiti akavua miwani, akanigeukia mimi, na alichosema ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu Julai. Alisema hana nia ya kuniumiza. Tukiamini kuwa unaendesha kama watu wengine, bwana Bakari, hatuna sababu ya kubadilisha uamuzi. Tukimwamini mkeo, basi wewe hupaswi kuwa barabarani kabisa, na unajua. "Nataka nikusikie wewe mwenyewe. Unaendesha, au huendeshi?"

Nilifikiria gari lile. Ndani yake nilikuwa bado mtu anayewapeleka wengine. Nikisema siendeshi, nimelikabidhi kwa mdomo wangu, mbele ya mtoto wangu. Na kile cha kupewa badala yake ni ruhusa ya kukaa nyumbani kwangu.

Kiingereza nilikuwa nacho, lakini nilijibu kwa Kiswahili, kwa sababu mtu niliyetaka asikie alikuwa mmoja.

"Anayeendesha ni mke wangu," nikasema. "Mimi nashika usukani tu."

Rahma alifungua mdomo atafsiri, akashindwa. Mwenyekiti akamsubiri. Akajipangusa macho kwa mkono wa sweta ya shule, akatafsiri neno kwa neno.

Jibu lilikuja kwa simu kabla ya mwezi kwisha. Walikubali, kwa mwaka mmoja, kisha nitaitwa kupimwa tena. Hamisi alifurahi kuliko sisi, akasema habari za Desemba tuzisahau. Kwa hiyo sijatoka kwenye mtego, nimepewa mwaka ndani yake. Mwakani nitakaa tena kwenye viti vile. Ninajua sasa nitakachosema, na kama wewe unaendesha na unaumwa, nakuomba usifanye nilivyofanya. Ukiulizwa umekujaje, usijibu kwa neno moja. Anza ulipofumbua macho. Mtaje aliyekuvalisha, aliyekufungulia mlango, aliyekushikia nini na wapi. Na yule anayekaa nawe mwambie mapema, mkiwa wawili, kuwa siku hiyo unampa ruhusa. Usimngoje ajivunje mwenyewe mbele ya watu kama nilivyomwacha wangu.

Ila nataka nimalizie siku yenyewe, maana jibu la simu si ndilo lililonibakia moyoni.

Tulishuka mpaka kwenye maegesho. Mwanaidi alinifungulia mlango kama kawaida, kisha akausukuma ukafungwa, akautumbukiza ufunguo kwenye mkoba wake.

"Nimeshasema kwa mdomo wangu," akasema. "Nimejisikia nikisema. Siwezi kukuwashia tena, baba Rahma."

"Sasa tutalala hapa?"

"Hamisi atakuja kulichukua."

Nilikasirika, kisha hasira ikakosa mahali pa kwenda. Mvua ikaanza, yale matone makubwa ya Johannesburg. Rahma akaita gari kwa simu yake. Likaja, na dereva alipotusikia tunasemeshana Kiswahili akatabasamu. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, kijana wa heshima. Akashuka kwenye mvua kunishikia mlango wa mbele. Nikakaa. Mwanaidi akiwa kiti cha nyuma akapenyeza mikono yake pembeni ya bega langu, akauvuta mkanda, na dereva akaupokea na kuufunga bila kuuliza kitu.

Tulitoka mjini polepole, barabara imejaa maji. Teksi moja ikatukatia mbele. Dereva akatikisa kichwa. "Batu ba huku habajue kuendesha, muzee." Kisha, kwa kutaka mazungumzo tu, akanigeukia. "Na weye, unaendeshaka?"

Nilikuwa nimetoka kulijibu swali hilo mbele ya watu watatu na kalamu zao. Yale mengine yote ya siku ile niliyastahimili, lakini swali la kijana huyu mwema lilinikuta sina kitu.

Mwanaidi akajibu kutoka nyuma.

"Anaendesha," akasema. "Anaendesha vizuri sana huyu. Leo amechoka tu."

"Ni vizuri," dereva akasema. "Apumzike, muzee."

Nikageuzia uso dirishani, nikalia kimya mpaka tunafika Malvern.